Muziki Usiotii Picha

Mwanzoni mwa Aprili 1968 mtunzi Alex North aliketi ndani ya ukumbi wa sinema mjini New York kutazama filamu aliyoitungia muziki. Kwa ajili ya 2001: A Space Odyssey alikuwa ameandika na kurekodi zaidi ya dakika 40 za okestra, tena kwa haraka iliyomchosha hadi mwili ukagoma. Mwongozaji, Stanley Kubrick, hakuwa mgeni kwake. Walishafanya kazi pamoja katika Spartacus, filamu ya mwaka 1960. Taa zikazimwa, North akasubiri noti zake. Hazikuja. Mahali pake ziliingia tarumbeta za Richard Strauss, kutoka kipande cha mwaka 1896. Baadaye ikaja walzi ya Johann Strauss (wamefanana jina tu, undugu hawana), ile ambayo watu wa Vienna waliisikia kwa mara ya kwanza 1867. Kisha zikaja sauti nzito zisizo na mdundo za György Ligeti, mtunzi wa Kihungaria aliyekuwa hai na ambaye hakuwa ameombwa ruhusa ipasavyo. Kubrick alikuwa ameziweka santuri hizo chini ya picha wakati wa kuhariri, kama mtu anavyoegemeza jiwe mlangoni akimsubiri fundi alete kitasa. Fundi alipofika na kitasa chake, mwenye nyumba akasema jiwe linatosha.

Kisa hicho kwa kawaida husimuliwa kumhurumia North, na huruma hiyo ni haki yake. Ila ndani yake kuna fumbo ambalo huruma hailifumbui. Iweje muziki ulioandikwa zamani, kwa shughuli nyingine kabisa, na watu ambao wengine wao hawakuwahi kuona sinema, uushinde muziki ulioshonwa kwa vipimo vya filamu yenyewe? Jibu jepesi ni kwamba muziki wa klasiki ni mkubwa, una heshima, na filamu hupata sehemu ya heshima hiyo kwa kuuazima. Jibu hilo naliona dhaifu. Zipo filamu chungu nzima zilizojipaka Vivaldi na Bach kama manukato, na bado zikanuka vilevile. Ninachokiona mimi ni kingine: muziki wa kale una nguvu kwenye filamu kwa sababu hautii. Haukutungwa kwa ajili ya picha ile, haujui nani atakufa filamu ikikaribia mwisho, una mwendo wake ambao haubadiliki kwa ajili ya mtu, na unakuja na mambo ya kwao. Filamu inayoujua ukaidi huo huuacha ubishane na picha. Isiyoujua huufunga kamba na kuuvuta.

Tuanze na kazi ya kawaida ilivyo. Filamu ikishahaririwa, mtunzi hukabidhiwa picha pamoja na vipimo vya muda vinavyofika hadi sehemu ya sekunde: hapa mlango unafunguliwa, hapa mama anaisoma barua, hapa risasi inalia. Kazi yake ni kuushona muziki uukae mwili huo bila kupwaya. Max Steiner, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Hollywood, aliufikisha ushonaji huo mbali katika King Kong ya 1933: chifu wa kisiwa anapowaendea wageni, hatua za miguu yake zinafuatwa na noti moja moja. Wenyewe Hollywood waliuita mtindo huo kwa jina la panya wa katuni, Mickey Mouse, na hawakuwa wakiusifu. Muziki wa kushonewa una mabingwa wake. Bernard Herrmann, Ennio Morricone na John Williams walionyesha kwamba nguo inaweza kuwa nzuri kuliko mwili unaoivaa. Lakini daima unajua picha inataka nini, na hutekeleza kabla haujatumwa. Walzi ya Johann Strauss haijui. Ina mapigo yake matatu, ina mizunguko yake na mahali pake pa kuvuta pumzi, na chombo cha anga kinachokaribia kituo chake hakiwezi kuibadilisha hata kidogo. Hapo Kubrick aligeuza utaratibu, picha ndiyo ikausubiri muziki. Ndiyo maana vyombo vile huzunguka polepole kupita kiasi, dakika baada ya dakika bila neno kusemwa, mpaka mtazamaji asahau mashine na kuanza kuona ukumbi wa dansi wa watu walioshiba. North angeweza kuandika muziki wa kuistaajabia anga, na kwa hakika aliuandika. Jambo ambalo uaminifu wake kwa picha usingemruhusu kulisema ni kwamba katika dunia ya filamu ile safari ya mwezini imekwisha kuwa starehe ya kawaida, karibu ya kuchosha. Hilo halikuwamo kwenye picha. Lilikuja na walzi.

Mtu anaweza kunikatiza hapa: mbona sinema imeazima muziki wa kale tangu ilipozaliwa? Ni kweli. Filamu zilipokuwa bado hazina sauti, kila ukumbi ulikuwa na mpiga piano au kinanda, na mijini okestra nzima, na hakuna aliyekuwa na muda wa kutunga muziki mpya kila filamu ilipobadilishwa. Mwaka 1924 Ernö Rapée, aliyekuwa akiongoza okestra za kumbi za sinema Marekani, alichapisha kitabu kinene cha vipande vya kupigwa, kikiwa na orodha pembeni mwa kurasa: vita, mazishi, harusi, treni, tufani ya baharini. Mpigaji alitupa jicho pembeni, akapata ukurasa, akapiga. Beethoven na Grieg na Mendelssohn walikuwa humo kama kanga zilizokunjwa dukani, kila moja na bei yake. Huo ni uazimaji wa ghalani, na muziki humo ulitii kama mtumwa. Kipande kikiisha kabla ya tukio kilirudiwa, tukio likiisha mapema kilikatwa shingo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na katika filamu nyingi za siku zile yalionekana. Siutetei uazimaji huo. Lakini hata ndani ya ghala lile kulikuwa na kipande kimoja ambacho kilikataa kubaki rafuni, na historia yake inafaa kufuatwa hatua kwa hatua.

Kipande chenyewe ni mbio za Valkyrie za Richard Wagner, kutoka opera iliyoonyeshwa mara ya kwanza Munich 1870. Valkyrie ni wanawake wa vita katika hadithi za kale za Ulaya ya kaskazini: hupanda farasi angani, huchagua mashujaa waliouawa uwanjani na kuwachukua kwa mungu wao. Kwa maneno mengine, muziki ule wa shangwe, wenye tarumbeta zinazopanda kama farasi anayeruka kijito, ni wimbo wa kuokota maiti. Mwaka 1915 filamu ya Marekani The Birth of a Nation iliutumia kuwasindikiza wapanda farasi wa Ku Klux Klan wakienda, eti, kuwaokoa Wazungu mikononi mwa watu weusi. Katika Ujerumani ya Hitler filamu za habari ziliuweka chini ya picha za ndege za kivita. Kisha, mwaka 1979, Francis Ford Coppola akauchukua katika Apocalypse Now, na alichofanya ni tofauti na wote waliomtangulia: aliuweka ndani ya kisa chenyewe. Wahusika wanausikia. Kanali wa Kimarekani amefunga vipaza sauti kwenye helikopta zake na anaamuru upigwe wakati anashambulia kijiji cha Vietnam, kwa sababu, anasema, unawatia hofu maadui na vijana wake wanaupenda.

Kwa hiyo aliyeazima si mwongozaji peke yake; kanali naye ameazima, na tunamwona akijivisha. Amejipa cheo cha shujaa wa opera. Halafu Coppola anafanya jambo dogo lenye uzito mkubwa: anakata picha ghafla hadi kijijini, kwenye uwanja wenye watoto wa shule, na muziki unatoweka. Kimya. Kuku, sauti za watoto. Sekunde chache baadaye tarumbeta zinaanza kusikika kwa mbali, zinakuja. Katika ukimya ule Wagner anarudishiwa maana yake ya kwanza, kwa kuwa wanaokuja ni waokota maiti, ila maiti zenyewe bado ziko hai zinatoka darasani. Anayejua kwamba muziki huohuo uliwabeba Klan na ndege za Hitler huona zaidi, lakini hata asiyejua ameshafikishwa mahali ambapo hawezi tena kuishangilia shangwe.

Au anaweza? Hapa ndipo pingamizi linapouma. Katika Jarhead ya 2005, filamu ya Sam Mendes kuhusu vita vya Ghuba, askari vijana wanaonyeshwa tukio hilohilo la Coppola kambini, nao wanasimama, wanaimba tarumbeta kwa midomo, wanapiga ngumi hewani. Filamu iliyoandikwa kama kejeli ya vita imekuwa chachandu ya vita. Ningependa kusema wale ni askari tu, wengine tunaelewa, lakini huo ungekuwa uongo. Damu ya mtazamaji yeyote huchemka tarumbeta zile zikipanda. Muziki usiotii picha hautii hata nia ya aliyeuazima. Coppola alitaka tuone ulevi wa kanali, na muziki ukatulewesha na sisi. Sioni kwamba jambo hilo linaivunja hoja yangu. Linaonyesha gharama yake. Aliyekaribisha mgeni mkaidi asishangae mgeni akipanga upya viti vya sebuleni.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa wasomaji wa magazeti ya Kiswahili. Mazungumzo yote haya ya Wagner na Klan, litasema, yanamfaa nani? Wengi wetu hatukukua na opera. Kama nguvu ya muziki huu iko kwenye mambo unayokuja nayo kutoka kwao, mtazamaji wa Tanga au Kisumu amefungiwa nje. Najibu kwanza kwamba hatujafungiwa nje kiasi hicho. Kwaya nyingi za makanisa yetu huimba Haleluya ya Handel, aliyoiandika 1741, na wanakwaya wanaijua sauti ya nne kama wanavyoijua njia ya kwenda kisimani. Bibi harusi anayeingia kanisani Dar es Salaam au Nairobi kwa ule mwendo maarufu wa taratibu anaingia na Wagner huyuhuyu, kutoka opera yake ya Lohengrin ya 1850. (Katika opera hiyo ndoa inavunjika usiku uleule, lakini pengine maharusi wasiambiwe.) Muziki hauhitaji darasa ili uwe na historia masikioni mwa mtu. Hujaa harusi, misiba, matangazo ya redio, milio ya simu na filamu za zamani, na mtu akiusikia tena hukumbuka hata asipojua anakumbuka nini.

Jibu la pili ni kwamba umbo la muziki lenyewe hufanya kazi bila cheti. The King's Speech ya 2010 inafika kileleni kwa hotuba ya Mfalme George wa Sita ya tarehe 3 Septemba 1939, Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani. Mfalme ana kigugumizi. Chini ya hotuba inapigwa sehemu ya pili ya Simfoni ya Saba ya Beethoven, iliyosikika kwanza Vienna Desemba 1813 katika onyesho la kuwachangia askari waliojeruhiwa. Wengine wamecheka kwamba Waingereza walitangaza vita dhidi ya Wajerumani kwa muziki wa Mjerumani. Kejeli ni halali, ingawa wenyewe Waingereza wakati wa vita ile walishamfanya Beethoven wao, maana noti nne za mwanzo za Simfoni yake ya Tano zilifanana na alama ya simu ya upepo ya herufi V, ya ushindi, na BBC ikazitumia. Lakini sikiliza kinachotokea bila kujua lolote kati ya hayo. Muziki unaanza na pigo moja tu linalojirudia: refu, fupi, fupi, refu, refu. Halina hata lahani ya kuimbika. Kisha sauti nyingine inapanda juu yake, kisha nyingine, na pigo lile haliachi kutembea. Kwa mtu ambaye hofu yake ni ukimya kati ya neno na neno, muziki huu unaugeuza ukimya kuwa sehemu ya mwendo. Akikwama, pigo linaendelea. Akirudi, analikuta bado linatembea. Alexandre Desplat, aliyeitungia filamu ile muziki wake mwingine na kuutunga vizuri, angeweza kumfuata mfalme neno kwa neno, akisita anaposita. Beethoven hasiti, na ndiyo maana anamfaa mtu anayesita.

Hata kutoelewa kunaweza kuwa ndiyo maana yenyewe. Katika The Shawshank Redemption ya 1994 mfungwa mmoja anajifungia ofisini na kuiweka kwenye vipaza sauti vya gereza santuri ya opera ya Mozart, Ndoa ya Figaro ya 1786. Uwanja mzima unasimama. Mfungwa mwenzake anayesimulia kisa anasema hajui wanawake wale wawili walikuwa wanaimba nini, na hataki kujua. Anaamini ni jambo zuri mno. Ukweli ni kwamba bibi mkubwa na mtumishi wake wanaandika barua ya kumtega bwana mwenye nyumba, mzinzi na dhalimu, ili anaswe bustanini usiku. Tukio hilo halimo katika riwaya fupi ya Stephen King ambayo filamu inatokana nayo. Ni la mwongozaji Frank Darabont. Sijali sana kama alikusudia au la, kwa sababu utamu unabaki palepale: wafungwa wanadhani wanasikia malaika, kumbe wanasikia wanyonge wawili wakipanga njama dhidi ya mwenye mamlaka, mbele ya mkuu wa gereza ambaye naye haelewi Kiitaliano.

Wapenzi wa muziki wenyewe wana malalamiko ya upande wa pili. Wanasema filamu hula nyama na kutupa mifupa. Kipande cha Richard Strauss kinachofungua filamu ya Kubrick kina urefu wa karibu nusu saa, na dunia inakijua kwa dakika moja na nusu. Konseto ya Mozart ya piano ya mwaka 1785, ya 21 katika hesabu, ilitumiwa na Bo Widerberg wa Uswidi katika filamu yake ya 1967 kuhusu Elvira Madigan, msichana wa sarakasi aliyekufa na mpenzi wake 1889, na tangu hapo majalada ya santuri na karatasi za maonyesho huiita konseto ya Elvira Madigan, kana kwamba Mozart aliyekufa 1791 alimposa yeye. Adagio ya nyuzi ya Samuel Barber, Mmarekani, ilitangazwa redioni Rais Roosevelt alipofariki 1945. Ikaingia The Elephant Man 1980, ikaingia Platoon 1986, na leo kila anayetaka machozi ya haraka anaikimbilia. Malalamiko haya nayakubali kuliko wanavyodhani wanaoyatoa. Ukaidi wa muziki huchakaa. Kipande kikitumiwa mara nyingi kwa kazi ileile hufugwa, hujifunza kuja kikiitwa, na hurudi kwenye ghala la Rapée chini ya neno huzuni. Tatizo hapo ni waongozaji wa pili na wa tatu, wanaoazima mafanikio ya mwenzao huku wakidhani wanaazima muziki.

Kuhusu riziki za watunzi walio hai nitasema kwa ufupi, maana hakuna ubishi mkubwa. North alidhulumiwa katika namna, kama si katika uamuzi: mtu huambiwa. Ligeti alistahili kuombwa kabla. Na mtengeneza filamu wa kwetu anayedhani Mozart ni bure akumbuke kwamba haki za mtunzi aliyekufa zamani zimekwisha kweli (sheria ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 ziliweka miaka 50 baada ya kifo), ila waliopiga na kurekodi wana haki zao tofauti. Muziki wa North ulirekodiwa upya 1993 chini ya rafiki yake Jerry Goldsmith, na sasa kila mtu anaweza kujihukumia. Ni muziki wa fundi mkubwa. Kila kona unaeleza kilichomo kwenye picha, na ukiusikiliza unaelewa kwa nini Kubrick, ambaye hakutaka kuelezwa, aliuacha.

Lipo pingamizi moja ambalo halihusu ufundi, nalo linatugusa hasa. Out of Africa ya Sydney Pollack, iliyopigwa Kenya na kushinda tuzo saba za Oscar, inasimulia maisha ya Karen Blixen huko Ngong kati ya 1914 na 1931. Ndani yake mwindaji Denys anaweka gramafoni porini na kuwapigia nyani Mozart. Anafurahi kwamba mahali pale hapakuwahi kusikika sauti iliyotengenezwa na binadamu, na sasa, Mozart. Sentensi hiyo inaifuta nchi nzima kwa pumzi moja. Wamaasai waliochunga humo na njuga na nyimbo zao, Wakikuyu waliolima shamba la Blixen wakiimba, wote wamekuwa kimya ili klarineti ipate nafasi. Na gramafoni yenyewe haikuwa siri ya Wazungu: mwaka 1928, ndani ya kipindi hichohicho filamu inachokisimulia, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na santuri za Kiswahili zikawa zinapigwa pwani yote. Je, muziki wa klasiki katika filamu si njia nyingine ya kusema kwamba hisia za kweli zinatoka Ulaya, na sisi ni mandhari?

Katika filamu ile, ndiyo, hivyo ndivyo ilivyokusudiwa kusikika. Lakini tusikilize kinachopigwa. Ni konseto yake ya klarineti ya 1791, miongoni mwa kazi za mwisho kabisa Mozart alizozimaliza kabla hajafa mwaka huohuo. Sehemu yake ya taratibu haina ushindi wowote. Ni muziki wa mtu anayekusanya vitu vyake chumbani bila kelele. Filamu imeuleta kama mbeba mwanga, nao unaimba kwaheri. Blixen atafilisika na kuondoka 1931. Denys ataanguka na ndege yake karibu na Voi mwaka uleule. Wahusika hawajui bado, walowezi wenzao hawajui hata kidogo, na Mozart anayedhaniwa kuwafungulia nyumba tayari anawafungashia mizigo. Sidai Pollack alipanga iwe kejeli ya ukoloni, hakupanga. Muziki haukumtii.

Miaka 32 baada ya Out of Africa, Alain Gomis, mwongozaji Mfaransa mwenye asili ya Senegal, alitengeneza Félicité, filamu iliyopata tuzo kubwa ya majaji Berlin 2017. Ni kisa cha mwimbaji wa baa mjini Kinshasa anayezunguka jiji akitafuta pesa za upasuaji wa mwanawe aliyeumia kwa pikipiki. Usiku wa baa unapigwa na Kasai Allstars, kwa vyuma na vipaza sauti vinavyokwaruza. Kisha, bila taarifa, picha inahamia kwingine: wanawake na wanaume wa Kinshasa wamesimama na fidla na selo, wanapiga muziki wa Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia aliyezaliwa 1935. Ni okestra ya simfoni ya kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda katika jiji ambalo kupata uzi wa fidla ni safari. Hakuna gramafoni, hakuna nyani, hakuna Mzungu wa kufurahi. Filamu haielezi kwa nini wapo. Hawafuatishi machozi ya Félicité wala hawamfariji. Wanapiga taratibu sana, nyuso zimekazwa kwenye karatasi za noti, huku mwanamke yule akiendelea kugonga milango ya wadeni wake. Ningetamani kuona filamu ya Unguja au Lamu inayokipa kidumbak au taarabu ya kale uhuru wa namna hiyo, kisimame kando ya picha kikiwa na mambo yake, badala ya kuitwa kila mara jahazi linapotokea.

Na kwa yule ambaye dakika moja na nusu ya Richard Strauss imemwasha hamu ya dakika zilizobaki, ajiandae. Tarumbeta za mwanzo, zilizoufanya ulimwengu uamini kwamba kipande hiki kinahusu ushindi, hazimalizi kazi. Baada ya karibu nusu saa okestra inapungua, ngoma zimenyamaza, filimbi na fidla zinashikilia juu kabisa mlio mmoja mtulivu. Chini, besi zinadonoa noti ileile ya C iliyofungua kipande, na noti hiyo haikubaliani na mlio wa juu. Juu wanasema lao, chini wanasema lao, mara kadhaa, kwa sauti ndogo. Hakuna anayekubali. Kisha wanaacha.